Aliyeketi Kushoto Kwangu

Corwin alinusa kabla hajanibusu. Alisimama mlangoni mwa jiko langu na shati lake la kanisani, tai mkononi, pua juu kama mtu anayetegea sikio wimbo wa mbali. Lile tabasamu lake, ambalo hunifanya nisahau nilikuwa nasema nini, likamtoka usoni taratibu.

“Delphine,” akasema, “niambie kilichomo kwenye oveni ni keki.”

“Ni makaroni.”

“Ya sisi kula hapa, au ya kupeleka?”

“Ya kupeleka.”

Akavuta kiti akakaa, akaiweka ile tai mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kwenye Meza. Wanawake wa Durham wakisema “Meza” hawamaanishi mbao na miguu minne. Wanamaanisha meza ya Bi Glenda Farrow, daktari wa meno, ambapo mara moja kwa mwezi, Jumapili baada ya ibada, wanawake weusi na wenzao wa rangi zote zisizokaribishwa upesi maofisini hukutana, wakala, wakapeana kazi. Si wote wanaoitwa. Mimi niliitwa kupitia kwa rafiki yangu Jerusha Locklear, mwanasheria, wa kabila la wenyeji wa asili la Walumbee, kusini mwa jimbo letu hili la North Carolina, na Jerusha alinionya vizuri kabisa kwamba mgeni huleta barafu na vikombe, basi.

Nilimsikia. Najua mila za kwetu. Mtu anaweza kufahamika kwenye ukoo miaka kumi, na bado sikukuu ikifika akaambiwa alete vitambaa vya kupangusia mikono, kwa sababu makaroni ya jibini hayapikwi na kila mwenye sufuria. Lakini barafu huombwa kwa mtu ambaye mkono wake haujaaminiwa, na mimi nilikuwa nimepeleka barafu maisha yangu yote.

“Makaroni ya Meza ni ya mama,” akasema Corwin. “Tangu mimi navaa nepi. Hakuna mwingine anayeleta.”

“Makaroni ni ya ng’ombe na ngano. Mama yako hana shamba.”

Akacheka bila kupenda, kisha akajifuta kile kicheko kwa kiganja. Nazipenda mno zile ncha za vidole vyake zilizo pana, za mtu aliyepuliza tarumbeta tangu utotoni. Corwin Bullock anafundisha bendi kwenye shule ya sekondari, na hata akikaa kimya vidole vyake hubonyeza kitu kisichoonekana. Siku hiyo vilibonyeza tai.

Masika yale aliniomba tuoane, nami sikukataa. Wala sikukubali. Mama yake, Bi Arnetta Bullock, mwalimu mkuu mstaafu ambaye nusu ya mji huu ilisimamishwa ukutani kwa amri yake, hakuwa na neno baya juu yangu isipokuwa moja, na neno hilo lilikuwa na umri wa miaka mitano, linaitwa Nola, na wakati huo lilikuwa chini ya meza yangu likimlisha mwanasesere makaroni mabichi. Mwanangu, Bi Arnetta alimwambia Corwin, mimi nilikulea peke yangu baada ya baba yako kufariki, uzito huo naujua. Usiinue kilichowekwa chini na mwanamume mwingine.

Mbele yangu hakuwahi kunivunjia heshima. Alinisalimu kama unavyomsalimu askari wa mlango wa benki. Kwa mwanawe aliniita “yule msichana wa ujenzi”, na kwa miezi yote hiyo jina langu halikupita mdomoni mwake.

Hilo ningelivumilia. Kilichonikaa kooni ni Nola. Kiangazi kilichotangulia nilikuwa nasimamia ukarabati wa ukumbi wa kanisa lao, na siku ambazo sikuwa na wa kumwachia mwanangu nilimkalisha chumba cha kwaya na penseli za rangi. Bi Arnetta ndiye aliyempitia akamkuta anachora mistari, akakaa naye kitako akamfundisha herufi. Nola akampa jina: Bibi wa Herufi. Halafu Bi Arnetta akagundua kwamba mwanawe hafiki ukumbini kila jioni kwa ajili ya kukagua rangi ya ukuta, na herufi zikakoma hapohapo. Nola aliuliza wiki nzima Bibi wa Herufi ameenda wapi. Nilimwambia Corwin waziwazi kwamba sitamwingiza mwanangu kwenye nyumba anamopendwa mpaka atakapokuwa kero.

Basi Corwin akanisihi nisiende leo. Mwezi ujao, alisema. Anipe muda kwanza amkalishe mama yake chini, amlainishe.

“Corwin, pale simwendei mama yako. Namwendea Marisol Quintanilla.”

Alilijua jina hilo. Marisol ndiye msimamizi mkuu wa jengo jipya la watoto pale hospitalini, na alikuwa anatafuta mtu wa kukaa uwanjani na mafundi mpaka jengo lisimame. Kazi ya namna hiyo niliisomea madarasa ya jioni, mimba ya Nola ikiwa imenisukuma mbali na dawati hata mkono haukuifikia ramani. Nilishaomba kazi kama hiyo sehemu mbili, wala sikujibiwa. Bibi yangu alinilea na ule usemi wa chema chajiuza. Nilipoingia kazini nikakuta chema kimekaa kona, kimejikunyata, watu wanapita, na kibaya kimeshikwa mkono na rafiki wa baba yake kinaoneshwa kiti. Chema nacho kinahitaji mtu wa kufumbua mdomo.

“Mkikwaruzana pale,” akasema Corwin taratibu, “nyinyi wawili mtapona. Mimi ndiye nitakayevunjika.”

Nikaichukua ile tai mapajani mwake, nikamfunga. Ili kumfunga ilibidi nisimame katikati ya magoti yake, na pumzi yake ikanigusa shingoni, na kwa muda nilisahau makaroni, Marisol na mama yake. Macho ya Corwin yana subira ambayo sijaiona kwa mwanamume mwingine. Ukiyatazama sana unaweza kusema ndiyo kwa jambo lolote, kwa hiyo nikatazama fundo la tai.

“Sitaki unibebe,” nikamwambia. “Nataka utembee karibu.”

“Karibu kiasi gani?”

“Kiasi hiki.” Nikalikaza fundo. “Sasa mchukue Nola akapige ngoma za bendi yako, na jioni ukija kumfuata mama yako, nifuate na mimi. Makaroni yameiva.”

*

Meza ya Bi Farrow huanzia chumba cha kulia, ikapita mlango mpana, ikaishia kwenye baraza la vioo. Kila mtu hukaa nyuma ya chakula alichokileta, akawapakulia wenzake kwa mkono wake, na vyakula hupangwa kwa ukoo: nyama na nyama, mboga na mboga, vitamu mwishoni karibu na bustani. Sikuujua mpango huo. Jerusha alikuwa amenikatia tiketi ya barafu, na barafu haina kiti maalumu. Mwenye barafu hukaa popote karibu na aliyemleta.

Jerusha aliponiona naingia na sinia lililofunikwa foili, akanisogelea akatabasamu kwa meno bila macho.

“Shosti, hiyo ni barafu ya namna gani inayotoa mvuke?”

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguliwa na Bi Arnetta akaingia. Kofia yake ilikuwa ya rangi ya zabibu, pana, imeinama upande mmoja kama yenye siri na sikio. Mikononi alishika sinia lililofunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Akaliona langu. Harufu ilikuwa imeshasema kila kitu.

Mwanamke mmoja karibu na bata mzinga akasema “haya”, na ndani ya hiyo haya mlikuwa na mahubiri mazima.

Bi Farrow ni mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kifuani, na miaka yote ya kung’oa meno imemfundisha kutoogopa mtu anayeumia. Akayatazama masinia mawili, akatutazama sisi.

“Makaroni na makaroni,” akasema. “Sheria ni sheria. Kaeni.”

Tukakaa. Mimi kulia, Bi Arnetta kushoto kwangu. Jerusha na mikate yake ya mahindi ya kukaanga iliyojazwa sukuma wakapelekwa upande wa mboga, mbali kabisa, na kutoka kule alinitazama kama mwanasheria anavyomtazama mteja aliyekwisha kuzungumza na polisi.

Nikaelewa kwa nini pale nilipoelezwa sheria ya pili. Kwenye Meza hakuna kujisemea. Sisi tulilelewa kuona aibu kujisifu, na maofisi yanataka wanaojisifu. Akina mama walioanzisha Meza wakaona badala ya kujivunja mgongo kubadilika, wagawane kazi: aliyekaa kushoto kwako ndiye mdomo wako. Anasema alichokiona kwa macho yake, si alichosikia. Asipokuwa nacho, anasema “sina neno”, zamu inapita, na jina lako haliitwi tena siku hiyo. Mgeni humsemea mtu kuanzia siku ya pili. Siku ya kwanza husemewa tu.

Jerusha ndiye aliyetakiwa kuwa kushoto kwangu. Jerusha aliniona uwanjani, aliniona nikibishana na mafundi saruji. Mwenye kunisemea sasa alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kulitaja jina langu.

Watu walipita na sahani. Kwa adabu wakachota kijiko huku na kijiko kule, wakaondoka bila kutafuna mbele yetu. Bi Arnetta akanyoosha mkono, akachota yangu, akaonja. Akatafuna muda mrefu.

“Umetia haradali.”

“Kidogo, Bi Arnetta.”

“Nani alikufundisha?”

“Bibi yangu, wa Warrenton.”

“Watu wa Warrenton,” akasema, na hilo likawa mwanzo na mwisho wa mazungumzo yetu. Lakini nikaona amechota kijiko cha pili. Nami nikaonja yake. Sitasema uongo, yalikuwa mazuri. Yalikuwa na ule ukoko wa juu unaokatika kwa sauti, na nilijua nikifika nyumbani nitaujaribu.

Sahani zilipoondolewa, wenye mahitaji wakasema mahitaji yao. Marisol Quintanilla alikuja na tamale zilizofungwa kwenye maganda ya mahindi, na mikono ya mwanamke aliyewahi kubeba matofali kabla ya kubeba ramani. Alieleza kwamba wasimamizi wawili wameshamshinda, wote waligombana na mafundi, na jengo linasuasua wakati watoto wanalazwa wawili wawili kwenye wodi ya zamani.

“Msinipe jina la mtu mnayempenda,” akasema. “Nipeni la mtu mliyemwona.”

Zamu ikaanza. Mfamasia mmoja, Hetal, alisemewa na jirani yake mpaka akajifunika uso kwa leso. Mwingine, mhasibu, alisemewa kwa sentensi mbili tu, akaondoka na ahadi ya kazi. Ilipofika kwangu nilikuwa nimeshaitazama mikono yangu kiasi cha kutosha. Kama atasema hana neno, nikajiambia, basi aseme akiniona. Nikainua uso nikamgeukia.

Saa ya ukutani ya Bi Farrow ikasikika peke yake. Jerusha akaweka kikombe chini.

Kisha Bi Arnetta akasimama. Pale Mezani watu husema wameketi.

“Nina maneno,” akasema, “na si yote matamu. Makaroni yake mmeonja. Jibini imezidi, na hakuombwa. Aliambiwa alete barafu. Hiyo ndiyo tabia yake ya kwanza muijue: ukimwekea kiti kidogo, anakuja na cha kwake.”

Watu wakacheka kidogo, kwa tahadhari. Mimi sikucheka.

“Kiangazi kilichopita alisimamia ukumbi wa kanisa letu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati. Nilikaa dirisha la jiko nikitafuta kosa, na humu ndani wamo wanafunzi wangu, wanajua mimi nikitafuta kosa hulipata.” Mwanamke mmoja wa makamo, wakili wa serikali, akanyoosha mgongo bila kujijua. “Nikalipata. Alichelewa mara mbili. Mtoto alikuwa na homa. Hakuja na hadithi. Alikuja na mtoto begani, akasema nimechelewa, akamlaza chumba cha kwaya, akafanya kazi.”

Akauvuta ukingo wa kofia.

“Kila asubuhi aliwasimamisha mafundi duara. Nilidhani atawapa amri. Hakuwapa. Alimwuliza kila mmoja swali moja: leo ni nani anakusubiri wewe? Fundi bomba akasema, mtu wa vigae ananisubiri. Mtu wa vigae akasema, mpaka rangi ananisubiri. Wanaume wazima waliokuwa wakigombea ngazi wakaanza kuulizana hali za nyumbani. Nimeongoza shule maisha yangu yote, na swali hilo sikuwahi kuliuliza. Ningeliuliza, walimu wangu wangezeeka polepole.”

Sasa walicheka kwelikweli. Marisol hakucheka. Alikuwa ameegemea mbele, viwiko mezani.

“Baadhi walimzunguka. Jina sitalitaja, ila walimwendea shemasi mmoja kwa sababu tu yeye anavaa suruali. Huyu hakupiga kelele. Siku ya pili alimpa shemasi helmeti, akamkaribisha kwenye duara, akamwuliza kwa heshima zote: na wewe shemasi, ni nani anakusubiri? Shemasi akafikiri. Hakukuwa na mtu. Akarudisha helmeti akaenda zake, na kahawa akapewa.”

Bi Farrow alikuwa anapiga meza kwa kiganja.

“Ukumbi uliisha kabla ya Jumapili ya Marejeo, waumini wa mbali wanaporudi nyumbani, na milango inafunguka mpaka leo bila kulalamika. Nimemaliza na nilichokiona.” Akageuka upande wa Marisol. “Anaitwa Delphine Yarborough. Ukimwacha akapita, usije kuniomba jina jingine.”

Akaketi. Akalitandaza gauni lake magotini.

Sijui nieleze vipi. Jina langu nimelisikia kwa bibi yangu, kwa walimu, kwa Corwin gizani likiwa limepungua nusu kwa mahaba. Sikuwahi kulisikia likiwekwa mezani hivyo, zima, kama sahani ya wageni. Kifua kilinijaa nikaogopa kupumua nisije nikalimwaga.

Anayesemewa huruhusiwa kuulizwa. Marisol akauliza kama naweza kufika uwanjani kesho asubuhi. Nikasema naweza.

“Na mtoto akishikwa na homa?”

Chumba kikanitazama. Zamani ningejikunja, ningeahidi mbingu.

“Nitachelewa,” nikasema, “na nitakwambia nimechelewa.”

Marisol akanitazama, kisha akapasua kicheko. “Wale wawili hawakuwa na watoto,” akasema, “na walichelewa kila siku. Njoo na viatu vya uwanjani. Kazi ni yako kama utaweza kunivumilia.”

Kutoka upande wa mboga Jerusha akanyanyua mkate wa mahindi juu kama kikombe cha ushindi.

*

Nilimkuta Bi Arnetta barazani akifunga sinia lake. Lilikuwa tupu. Langu nalo lilikuwa tupu, na wote wawili tulikuwa tumeshahakikisha kwa jicho la pembeni.

“Yale maneno yalikuwa ya Meza,” akasema bila kugeuka.

“Najua, Bi Arnetta. Ahsante.”

“Usinishukuru. Mezani sisemi uongo. Nilipoketi pale nilitaka kusema sina neno. Mdomo ulikataa.” Akakunja kitambaa cheupe mara moja, akakikunja tena. “Lakini juu ya mwanangu sijasema kitu.”

“Sijakuomba useme.”

Hapo akageuka. Nadhani alitegemea machozi, au maneno. Nilimtazama kama nilivyowatazama mafundi wangu kila asubuhi, kwa heshima na bila haraka. Ana macho ya Corwin. Sikuwahi kumkaribia kiasi cha kuona.

Gari likasimama nje. Corwin akashuka, akatutazama mimi na mama yake tumesimama pamoja na masinia, na nikaona vidole vyake vimeanza kubonyeza hewa. Nola akachomoka mlango wa nyuma na fimbo ya ngoma mkononi, akapanda ngazi mbio.

“Bibi wa Herufi,” akaita. Halafu, hatua moja kabla ya lile gauni, akasimama. Akajizuia mwenyewe, mikono nyuma. Mtoto wa miaka mitano alikuwa ameshajifunza kusubiri aone kama anatakiwa.

Niliona kitu kikimpita Bi Arnetta usoni, chini ya kofia. Akainama. Magoti yake hayakuitaka kazi hiyo, lakini aliinama mpaka wakalingana.

“Umefika herufi gani?”

“Nimezimaliza. Sasa naandika majina.” Nola akahesabu kwa vidole. “La mama, la Corwin, la mwanasesere, la Jerusha. Lako sijaandika. Sijui unaitwa nani.”

Corwin, chini ya ngazi, aliacha kubonyeza.

“Arnetta,” akasema yule mama. “Inaanza na A. Ile yenye mguu huku na mguu huku.”

“Hiyo naijua,” akasema Nola, na akaweka mkono wake kwenye bega la Bi Arnetta kana kwamba ulikuwa unaishi pale siku zote.

Wakati mwingine maisha hukufungulia mlango nusu, ukisubiri ufunguke wote unajifunga. Nikaongea.

“Bi Arnetta, Jumapili ijayo napika nyumbani kwangu. Nakukaribisha. Nitakaa kushoto kwa Corwin, maana kuna mambo niliyoyaona kwake kwa macho yangu, na ninataka uyasikie.”

Akainuka, akishikilia bega la mtoto.

“Na kushoto kwangu atakaa nani?”

Nilimwonesha Nola kwa kidevu.

Bi Arnetta akamtazama mtoto, akatazama ile fimbo ya ngoma, akatazama ua wa Bi Farrow ambako akina mama walikuwa wanaagana kwa mara ya tatu bila kuondoka.

“Huyu atasema kila kitu,” akasema.

“Atasema alichokiona.”

Corwin alikuwa amepanda ngazi mbili, akasimama nyuma yangu, karibu kiasi kile nilichomwambia asubuhi. Joto lake lilinigusa mgongoni. Akaniuliza sikioni, karibu bila sauti, kama hiyo ni ndiyo kwa ombi lake la ndoa. Nikamjibu kwamba ndiyo yake ataipata Jumapili akiwa ameketi kulia kwangu, mama yake akisikia. Akashika ncha ya kidole changu kidogo tu, hicho kimoja, na nikajua ndoa nzima inaweza kusimama juu ya kidole.

“Nilete nini?” akauliza Bi Arnetta.

Miaka yote hiyo ya makaroni ilikuwa imesimama mbele yangu na kofia. Nilijua anategemea jibu gani. Kila mtu Durham angelijua.

“Barafu,” nikasema.

Corwin alifumba macho kama mtu aliyesikia sahani ikidondoka na anasubiri itue. Bi Arnetta alimkabidhi mwanawe sinia, akashuka ngazi akiwa amemshika Nola mkono, akaingia kwenye gari, kiti cha mbele, akaiweka kofia sawa kwenye kioo. Alichukua muda wake. Kisha dirisha likashuka, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

“Mifuko mingapi, Delphine?”